Mama Kengele na Sura ya Ishirini na Mbili

Marehemu mama yetu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1955, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa baba dereva na mama mfuaji nguo, na saa hiyo inajulikana bila shaka kwa sababu gari la mikate lilikuwa ndiyo linasimama mbele ya duka la jirani, mkunga akapiga kelele dirishani aletewe maji, muuza mikate akadhani anaitwa yeye, akaingia na mikate miwili mkononi. Babu alipenda kusema kwamba mtoto huyo alikuta chai iko tayari.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, wa pili katika darasa lake, akachaguliwa kuendelea na sekondari, lakini mwaka huohuo babu alivunjika mguu, gari likapewa dereva mwingine, na ada iliyopatikana ikatosha mtoto mmoja tu, ikaenda kwa kaka yake, na yeye hakuulizwa. Alikuwa akisimulia jambo hilo bila kinyongo, ila akifika kwenye neno hilo, kutoulizwa, alilitamka polepole.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, kwanza kuosha trei, kisha kukanda unga, kisha tanurini, ambako mikono yake ilipata yale makovu membamba ambayo sisi wanawe tulikuwa tukiyapitishia kidole kama mistari ya daftari, na kuanzia mwaka 1991 akawa msimamizi wa zamu ya usiku, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2015. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Kengele, kwa sababu sauti yake ilisikika juu ya mashine ya kukandia hata iwe imewashwa kwa nguvu zote, na wengi wenu mliokuja leo mkiwa na mashati ya kiwanda mmeitwa kwa sauti hiyo na mkakimbia. Nyumbani sauti hiyo haikuletwa. Nyumbani mama aliongea chini kwa chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Juni 1975, na fundi seremala ambaye ni baba yetu, aliyeketi hapa mbele, na wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1976, binti wa pili mwaka 1980, na kitinda mimba mwaka 1994, aliyekuja wakati kitanda cha mtoto kilikwisha kugawiwa majirani.

Mwaka 1983 kifungua mimba, akiwa na miaka sita, aliugua homa ya uti wa mgongo, akalala hospitalini siku tatu bila kufungua macho, na baba, akiwa amepiga magoti ukumbini karibu na ndoo za kudekia, alimwahidi Mungu kwamba mtoto huyo akipona atamtoa kwa kazi ya kanisa. Mtoto akapona. Baba hakumwambia mtu kuhusu ahadi ile, wala mama.

Jumatatu, tarehe 9 Januari 1989, mama alitoka zamu, akafika nyumbani saa moja na robo asubuhi na mkate mikononi, kwa kuwa mwanawe alipenda kipande cha mwisho, kile chenye ganda pande zote, akakuta kitanda cha mtoto kimetandikwa. Mtoto yule alikuwa hatandiki kitanda. Baba alirudi siku ya tatu, peke yake, akaweka kofia mezani.

"Mtoto yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko salama. Nimempeleka shule ya bweni ya wamisionari, wanakolea vijana wa kazi ya Mungu. Niliahidi."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Mama akaingia chumbani, akalala, na jioni akaenda kazini kama kawaida. Mtoto alikaa kule miaka miwili, akatoroka, lakini hakurudi kwetu, akafuatana na mafundi wa kuezeka mabati hadi mji mwingine, na tangu hapo akawa sauti ya simu, anayeuliza afya, anayesema "sawa mama" na kukata baba akitajwa, na kila mama alipotaka kumtembelea alijibu, "Usije." Mama aliliheshimu hilo, akiamini kwamba hasira ya mwanawe ni kwa baba yake tu. Bibi yetu alipofariki mwaka 2004 mwanawe huyo alikuja, akasimama nje ya geti, akaondoka kabla ya watu kunawa mikono.

Ndugu waombolezaji, mambo haya hayasemwi ili kumwaibisha mtu aliyeketi hapa. Mzee ameyasikia yote kabla yenu, jana jioni, akasomewa mara mbili, akasema, "Someni kama yalivyo, msipunguze." Na bila kuyasema haieleweki kilichompata mama mwaka wake wa mwisho.

Alhamisi, tarehe 11 Januari 2024, saa kumi jioni, wanawake saba wa mtaa wetu walikutana sebuleni kwa jirani yetu, muuguzi mstaafu, wakakubaliana kusoma Biblia tangu ukurasa wa kwanza, sura moja kila siku kila mtu kwake, na Alhamisi kukutana kuzungumza. Mama alinunua miwani mipya kwa ajili hiyo. Alisoma uumbaji, gharika na mnara, akiwa na maswali yake ya kiwandani, nani alipika ndani ya safina, na moto uliwekwa wapi kwenye chombo cha mbao, mpaka Alhamisi ya tarehe 1 Februari, walipofika sura ya ishirini na mbili ya Mwanzo, ambapo Ibrahimu anaamka alfajiri, anatandika punda, anapasua kuni, na kumchukua mwanawe Isaka kwenda kumtoa sadaka mlimani.

"Jamani," mama akasema, "Sara yuko wapi hapa?"

"Amelala," akajibu muuza nyanya wa sokoni, ambaye mnamjua kwa utani wake. "Alfajiri yote ile, mwenzangu, na umri wake."

"Mume anapasua kuni nje, yeye shoka halisikii?"

"Wangu mimi akishika shoka bila kutumwa naita majirani, najua kuna jambo."

Sebule nzima ikacheka, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Muuguzi akafuta, akasema kwa upole, "Dada, habari hii si ya Sara. Ni ya imani ya Ibrahimu."

"Najua ni ya nani. Nauliza tu kama aliambiwa."

Kitabu chenyewe hakisemi. Kuanzia siku hiyo mama hakuvuka sura ile. Alhamisi zote alikwenda, akaketi, akafungua palepale. Wenzake walimaliza Mwanzo, wakatoka Misri, wakaingia kwenye sheria za ukoma na za ukungu wa kuta, naye bado yuko mlimani.

"Kengele, shuka bwana," muuza nyanya akamwambia, "wenzio tuko jangwani tunakula mana."

"Tangulieni," akasema. "Kuna mtu namsubiri."

Aliyekuwa akimsubiri ni Isaka. Mama alikuwa ameona kwamba kupanda mlima walipanda wawili, baba na mwana, lakini kwenye kushuka anatajwa mzee peke yake, akiwarudia vijana wake waliobaki na punda, na mtoto, ambaye hakuchinjwa, ambaye yu hai, hatajwi. Alimwonyesha kitinda mimba kwa kidole chenye kovu. "Mtoto amepona," alisema, "lakini nyumbani hajarudi. Sasa huyo amepona vipi?" Kitinda mimba, aliyesoma hadi chuo kikuu, alileta maelezo ya wataalamu, mama akayasikiliza yote, akasema ahsante, akarudi kwenye mstari wake.

Mwezi Juni 2024 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 17 mwezi huo madaktari wakathibitisha kwamba moyo umepanuka, wakampa dawa, wakamkataza chumvi, ngazi na safari. Alilala akiwa ameegemea mito mitatu. Na katika hali hiyo, siku moja ya mwezi Septemba, bila kumwambia mtu, alivuka kwenda sura ya ishirini na tatu, ambayo inaanza na kifo cha Sara, na kitinda mimba alipoingia na uji alimkuta amevua miwani.

"Kumbe ndiyo hivyo," akasema. "Ukifungua tu ukurasa, amekufa. Amefia mji mwingine, mume ndiyo anafika kumlilia. Mwanangu, hawakuongea hawa."

Akaruka kurasa kadhaa hadi mazishi ya Ibrahimu mwenyewe, ambako Isaka na Ishmaeli, wana wawili waliotengana tangu utoto, wanatokea pamoja kumzika baba yao. Aliusoma mstari huo kwa sauti, akafunga kitabu, akauliza kama watu wa aina hii huwa wanakutana makaburini tu.

Jumatano, tarehe 18 Septemba, baada ya chakula cha jioni, baba alikuwa mezani akigundisha mguu wa kigoda, na mama akamuuliza swali alilokaa nalo miaka thelathini na mitano.

"Baba, njiani mlikuwa mnaongea nini na mtoto?"

Baba hakuinua macho. "Aliuliza kama wewe unajua."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mama yako amekubali." Akakishikilia kigoda mpaka gundi ikamwagikia vidole. "Angelia basi lote. Niliahidi, nikatimiza, na mbele za Mungu sijutii. Ila hilo la wewe kukubali, hilo halikuwamo kwenye ahadi."

Mama alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda kulala.

Kifungua mimba aliingia nyumba ya wazazi wake Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2024, akalala humo kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo alikuwa akija kila mwisho wa wiki, akimsomea mama palipobaki, na walikuwa wamefika katikati ya Kutoka, watu wakiwa bado wanalalamika, wakati hali ilipobadilika na mama akalazwa tarehe 24 Februari 2025. Hatutawadanganya kwamba baba na mwana wamemaliza. Wameongea habari za mbao, misumari na paa la jikoni linalovuja, mengine bado, na mama aliondoka akiyajua hayo, yakimkosesha usingizi. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, saa ambayo kwa miaka mingi alikuwa akifungua mlango wa tanuri, mume wake upande huu wa kitanda na mwanawe wa kwanza upande ule, naye akiwa ameshika mikono yote miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi wa usiku aliyekubali kuongeza mto wa nne, majirani waliotuletea maji na viti bila kuombwa, wafanyakazi wa kiwanda waliosimamisha mashine kwa dakika moja asubuhi ile, jambo ambalo mama angewafokea, na wenzake sita wa Alhamisi, ambao wiki iliyopita, wakiwa wameshafika mbali sana mbele katika Biblia, walirudi wote hadi sura ya ishirini na mbili wakaisoma tena, safari hii bila kicheko. Mama yetu apumzike kwa amani aliyoitafuta, na nyinyi mliokuja kumsindikiza, tunawaomba msimkumbuke kwa kile kitanda cha hospitali, mkumbukeni kwa asubuhi iliyofuata swali lake kwa mzee.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, aliamka saa kumi alfajiri, kabla ya mzee, na kwa kuwa viatu vyake havikumwingia tena kwa uvimbe, akavaa vya mume wake, akatia mkate kwenye mfuko, akatoka bila kumwambia mtu, akapanda basi la kwanza, akashuka saa nne na nusu kwenye mji wa mwanawe, akauliza mafundi wa mabati hadi akaelekezwa kwenye jengo la shule ambalo paa lake lilikuwa linaezekwa, nyundo nne zikigonga kwa pamoja. Alishika ngazi, asingeweza kupanda. Akavuta pumzi aliyokuwa nayo, akamwita mwanawe kwa jina, mara mbili, kwa sauti ya kiwandani, na nyundo zote zikanyamaza. Yule mtu mzima mwenye mvi akachungulia, akamwona mama yake chini, ndani ya viatu vya baba yake.

"Mimi sikuambiwa, mwanangu," akasema mama kabla ya salamu. "Sikuambiwa."

Kisha akaketi juu ya rundo la mabati, akafungua mfuko, akakata kipande cha mwisho, kile chenye ganda pande zote, akakishika mkononi mpaka mtoto alipomaliza kushuka ngazi.