Zamu ya Funguo: Shangazi Anaaga Bweni

Tarehe thelathini ya mwezi huu Shangazi atakabidhi bweni na kwenda kupumzika, baada ya kulihudumia kwa miaka thelathini na mmoja. Wapo walimu hapa ambao hawajafika umri huo. Wapo pia wazazi wanaoleta mabinti zao kidato cha kwanza, na wao wenyewe waliwahi kuamshwa na Shangazi kwa kuvutwa kidole gumba cha mguu.

Aliajiriwa kama dobi wa muda, kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake hakurudi, Shangazi naye hakuondoka. Alifua mashuka, akawa msaidizi wa matroni, kisha matroni mwenyewe. Jina alilipata mwaka ule alipopanda cheo. Binti mmoja mgeni, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali, alikataa kabisa kumwita mtu mwingine mama. Akaambiwa basi aite shangazi, kwa kuwa mashangazi hata wakiwa kumi hawachukui nafasi ya mama. Jina likashika. Mkuu wa shule aliyepita, aliyemzidi umri, alimwita hivyo hivyo hadi siku aliyoondoka, tena mbele ya wageni.

Wote tunazijua kandambili zake. Huziburuta ukumbini huku akiimba wimbo mmoja ambao hakuna aliyewahi kuusikia ubeti wake wa pili. Wageni hudhani ni uchovu. Kumbe anafanya makusudi, ili anayelia apate muda wa kujifuta na anayekula biskuti kitandani apate muda wa kuzificha. Alituambia kwamba mtoto akifumaniwa analia, kesho yake atatafuta pa kulilia mbali zaidi.

Kila bweni lina siku zake za habari nzito. Baba kaachishwa kazi, wazazi wametengana, mtu kafariki nyumbani. Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alimketisha binti na kumwambia ukweli wote kwa maneno machache. Hakuwahi kumwambia mtoto kwamba aliyekufa amesafiri. Kisha alimwacha alie, alale, ale. Siku alipoona binti ameanza kulala amegeukia ukuta hata mchana, alimvisha shingoni funguo za stoo kwa wiki moja.

Stoo yetu ni chumba kidogo chenye sabuni, karatasi za chooni, mifagio, balbu, pedi na mashuka ya akiba, na kila mtu bwenini huihitaji. Mwenye funguo hana pa kujificha. Anaitwa toka asubuhi: "We mwenye funguo, taa ya bafuni imeungua!" "Mwenye funguo, nani kachukua ufagio mzuri?" Jioni inamkuta ameshajibu watu, ameshanuna, ameshagombana kuhusu sabuni, na njaa inamuuma. Mwalimu mmoja aliona huo ni ukatili, akamwendea Shangazi kumwomba mtoto mwenye msiba aachwe apumzike. Shangazi akamwambia, "Amepumzika, mwalimu. Sasa ameanza kudhani hatumhitaji."

Utaratibu huo ulikuwa na hatari zake. Mara moja binti mwenye funguo, ambaye wazazi wake walikuwa wametengana muda si mrefu, aliondoka na timu ya mpira wa pete huku funguo ziko shingoni. Siku hiyo hiyo wakaguzi wakafika, na vyoo havina karatasi. Mhasibu wetu, mtu mnene na mwenye moyo, akajitolea kupita dirishani. Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Binti aliporudi na kuarifiwa, alikimbilia stoo na funguo zake. Nje alikuta nusu ya mhasibu, alipofungua mlango akakuta nusu nyingine ikimsalimia kwa heshima zote. Alicheka mpaka akakaa chini. Hatukuwa tumemsikia akicheka muhula mzima. Mkuu wa shule alitaka anyang'anywe funguo, lakini Shangazi akasema dirisha litatengenezwa na mhasibu atapona, na binti akamaliza wiki yake.

Mwandishi wa wasifu huu anashona sare katika chumba kilichopakana na chumba cha kufulia, na ana deni la shukrani lililo lake peke yake. Miaka sita iliyopita nilifiwa na mume wangu. Binti yetu alikuwa kidato cha pili, bweni hili hili. Baada ya mazishi hakutaka kurudi. Alinifuata jikoni, alinifuata uani, nikioga alikaa nje ya mlango akijifanya anasuka nywele. Alisema ataacha shule, nimfundishe cherehani. Nami nilikuwa karibu kukubali, maana nyumba ikiwa na pumzi ya mtu mwingine ilikuwa nafuu.

Shangazi akaja Jumamosi na mfuko wa mashuka yaliyochanika. Aliyaweka mezani bila kuuliza kama nina nguvu za kushona. Akamwambia binti yangu akae, akamuuliza anaogopa nini hasa.  Binti akasema, "Nikirudi bwenini, nani atajua kama mama kaamka?"

Nilitarajia Shangazi amwambie mama yako yuko sawa. Badala yake alinigeukia na kuniambia, "Mjibu mwenyewe." Ilinibidi nifikiri. Nikasema kila asubuhi nitagonga kwa jirani kabla sijawasha jiko, na nisipogonga jirani atakuja. Nikasema pia kwamba kila Jumapili nitakwenda bwenini, na akiniuliza habari, sitajibu "nzuri" kama si nzuri. Binti akasema atajaribu wiki moja. Moja tu, Shangazi, usinihesabie mbili.

Jumatatu alirudi bwenini, Shangazi akamtolea funguo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Binti alirudisha mikono nyuma. Alisema hazitaki, kwa sababu bweni zima linajua maana yake. Anayezivaa anaangaliwa kama jeneza linalopita. Alifungasha sanduku na kulisogeza mlangoni.

Mtu mwingine angemwambia mtoto huyu hajui anachosema. Shangazi alikuwa na utaratibu wake kwa zaidi ya miaka ishirini, na mabinti wengi waliokuwa wakirudi kumsalimia walikuwa wamezivaa funguo hizo. Alikaa kitandani kando ya sanduku. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, akamuuliza yeye angefanyaje. Binti akasema zivaliwe na kila mtu.

Asubuhi iliyofuata funguo alivaa kiranja, binti mwenye sauti kubwa ambaye hajawahi kufiwa hata na kuku. Wiki iliyofuata akavaa mwingine, mchekeshaji wa bweni, akazipoteza mara mbili. Tangu siku hiyo funguo zinakwenda kwa zamu, na hakuna ajuaye ni zamu ya nani kwa sababu ya huzuni na ya nani kwa sababu imefika tu. Anayejua ni Shangazi, ambaye mara kwa mara huichanganya zamu na kusingizia usahaulifu. Miaka yote hii tumemcheka kwa usahaulifu huo.

Zamu ya binti yangu ilikuwa ya tatu. Wiki moja aliyoahidi ilikuwa imepita, na sanduku lilikuwa bado mlangoni, watu wakilikwepa wakipita. Jumapili ya wiki hiyo nilikwenda kama kawaida. Aliniuliza habari, nikamwambia Jumatano ilikuwa mbaya, nililia tangu chai hadi adhuhuri, kisha nikaenda kwa jirani tukachambua mchele. Akanitazama usoni kuhakikisha. Akasema, "Mimi Alhamisi, mama. Lakini wakaja kuniulizia sabuni." Tulipokuwa tunaagana nililitafuta sanduku mlangoni. Lilikuwa chini ya kitanda, limetolewa nguo.

Sasa binti huyo anasomea uuguzi mji mwingine. Hunipigia Jumapili na kuniuliza habari, na mpaka leo siruhusiwi kumjibu kwa mkato.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, walimu, jiko, walinzi, na mhasibu ambaye ameomba jambo lake lisitajwe, tunasema asante. Shangazi, ulitulelea watoto wetu katika miaka yao migumu, na wengine wetu ukatulea pamoja nao bila kutuambia. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na watu wa kukugongea mlango. Tutakuja kukutembelea. Tukikuuliza habari za nyumbani, usitujibu "nzuri" kama siku hiyo si nzuri. Tutavua viatu, tutakaa.