Kadija Abeid na Lenzi Iliyokwama Dunga

Baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Kadija Abeid, mpigapicha wa Taasisi ya Nam, inayoshughulikia ziwa na uvuvi hapa Kisumu, anastaafu tarehe 30 Juni. Wote tunamwita Mama Kadija, hata wanaomzidi umri.

Mzaliwa huyu wa Kaloleni alianza kwa kusafisha filamu gizani. Mwaka 2003 alitia sahihi na kukabidhiwa lenzi nene ya kuvuta picha karibu au mbali, milimita 24 hadi 70, nzito kama pakiti ya sukari. Ilimtosha kwa kila kazi: nyavu, samaki, mikutano, mawaziri. Mvua ikinyesha, lenzi ilifunikwa leso na yeye akalowa.

Mwaka 2014 mimi, Debra, nilikuwa mwandishi mpya, nimebakiza wiki tatu za majaribio. Ufuoni Dunga alinipa kamera niishike avue viatu. Mkanda uliniponyoka, lenzi ikagonga ukingo wa boti. Vioo vilipona, lakini ringi ya kuvuta ilikwama kwenye milimita hamsini. Wakala wa lenzi hizo huko Nairobi alijibu kwamba lenzi hiyo haitengenezwi tena na vipuri vimekwisha.

Mkuu wetu, Bwana Obiero, alitaka jina la aliyeiangusha. Nilijua jina langu lingenirudisha nyumbani Bondo bila kazi. Mama Kadija aliandika lake. Nilimfuata nikilia.

"Hiyo lenzi nilisaini mimi," akaniambia. "Ikianguka, ni yangu. Wewe enda uandike habari ya wavuvi wa omena."

Alipewa barua ya onyo, ya pekee katika maisha yake ya kazi. Nilipothibitishwa, nilikwenda kwa Bwana Obiero nikamwambia ukweli. Aliitoa barua ile kwenye faili na kuichana. Mama Kadija alininunia siku mbili kwa kufungua mdomo.

Kwa miezi kumi na moja alifanya kazi na lenzi ile ile iliyokwama. Alipotaka picha ya karibu, alisogea. Ya mbali, alirudi nyuma, mara nyingine mpaka maji yakamfika magotini. Akina mama wa soko la Otonglo walizoea kumwona karibu na pua zao, wakaanza kumsimulia mambo yao huku akipiga. Picha zinazopamba mapokezi yetu ni za miezi hiyo.

Hatimaye Sabir, fundi wa saa mjini, aliifungua mara tatu, akachonga pini ndogo ya shaba, ringi ikazunguka. Mama Kadija alimshukuru, lakini akaendelea kusogea na kurudi nyuma kwa miguu yake.

Wiki iliyopita taasisi iliiondoa lenzi hiyo kwenye orodha ya vifaa na kumpa iwe yake. Aliikagua mbele na nyuma kama mnunuzi mgumu, akaitia mkobani.

Asante, Mama Kadija, kwa picha na kwa kutubeba. Tunakuombea afya, utulivu na wajukuu wanaokaa tuli mbele ya kamera. Ametuomba hotuba za leo za kumuaga ziwe fupi: kesho asubuhi ana harusi ya kupiga picha.

Debra Ondiek, Kitengo cha Habari