Robota la Sita la Dada Kunegunda

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Msamala na ninyi mliotoka mbali, mimi ni Pankrasi Mbawala, mwalimu, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome mbele yenu.

Dada yetu Kunegunda alizaliwa Mshangano tarehe 3 Machi 1949, siku ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Saimon na mama Lukresia, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akamaliza darasa la nane, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mimi niliyesomea ualimu nilikuwa naona haya kuandika mbele yake.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika duka la ushirika hapa mjini, akalitumikia hadi lilipofungwa Juni 1986. Tarehe 26 Septemba 1970 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Osmund Ngonyani, Mungu akawajalia watoto watatu, Otto, Jane na Rosemary.

Duka lilipofungwa, biashara ilikuwa imekuwa ruksa, naye akakata leseni, akawa anavuka ziwa kutoka Mbamba Bay kwenda Malawi na kurudi na mablanketi na vitenge. Wengi wakati ule walipita njia za panya na kumcheka kwa kujichelewesha, lakini yeye kila robota aliliandika namba kwa rangi nyekundu, akaorodhesha vilivyomo, na akifika forodhani aliisoma orodha kwa sauti kabla hajaulizwa, hata maofisa wakazoea kugonga mhuri bila kufungua kamba.

Hapa, ndugu zangu, naiweka chini karatasi ya familia, kwa sababu yanayofuata hayamo.

Agosti 1991, wakati wa likizo, nilisafiri naye kumsaidia mizigo, na kwa tamaa yangu nikanunua saa za mkono themanini, nikazificha katikati ya mablanketi ya robota la sita bila yeye kujua, nikiamini kwamba mizigo ya dada haifunguliwi. Tarehe 14 tukamkuta ofisa mgeni, akafungua. Dada aliziangalia zile saa, akaniangalia mimi, kisha akamwambia ofisa kwamba robota lina namba yake na mwandiko wake, kwa hiyo kilichomo ni chake. Shehena yote ilitaifishwa, leseni ikafutwa, na aliporudi mjini akaitwa mlanguzi, akaacha uenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo kabla hajaombwa kuuacha.

Otto, kifungua mimba wake, kijana wa miaka ishirini wakati huo, hakuweza kuivumilia aibu ile, akahamia Tunduru. Nilimwambia dada niende nikaseme ukweli, akanikatalia kwa ukali, akasema kwamba bado niko kwenye matazamio ya kazi, kwamba ualimu ukiniponyoka sitaupata tena, lakini mtoto atarudi tu kwa mama yake. Nami nikakubali upesi mno. Dada alikosea hapo, maana Otto amefika jana.

Alianza kuugua figo Januari 1996, akalazwa mara nne, na tarehe 11 Novemba 1997, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka arobaini na minane, ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliompikia uji kwa zamu, wanajumuiya waliosali naye, na wafanyabiashara wenzake, wakiwemo wale waliomcheka, maana leo mmekuja.

Mwajiri wangu akisikia niliyoyasema, na asikie, sina kazi inayozidi jina la dada yangu.

Otto, mpwa wangu, mama yako hakudanganya forodhani isipokuwa siku ile moja, na alidanganya kwa ajili yangu. Miaka sita umemkasirikia mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa akila mezani kwake. Udongo wa kwanza utie wewe. Mimi nitatia ukiniruhusu, na usiponiruhusu nitasimama hapa hapa, sitanung'unika.

Dada Kunegunda, pumzika kwa amani.