Nilidhani Bega Linauma kwa Nyundo

Mama zangu, shikamooni. Mnisamehe mwandiko na herufi nilizokosea, niliishia darasa la saba. Kusimama mbele yenu siwezi, ndiyo maana mwenyekiti wa kikundi chetu ananisomea.

Mwaka jana nilikuwa naponda mawe ya dhahabu huku Geita. Siku zangu zilichelewa wiki mbili, kisha ikatoka damu kidogo, nyeusi. Nikajua sina mimba. Tumbo likauma upande mmoja. Mama mkwe akasema, "Hilo chango la uzazi tu, mayu," akanichemshia mizizi mwenyewe. Simlaumu, hata mimi niliamini.

Siku ya tatu bega nalo likaanza kuuma. Wenzangu wakanitania, "Nyundo imekukataa. Rudi kwenu Ushirombo ukalime." Nikacheka nao. Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka huku damu inamwagika tumboni.

Nilipoinuka nikaanguka. Dada mmoja tunayeponda naye akanifunua kope, akaona ndani kweupe. Mume wangu alipofika na pikipiki alitaka kunirudisha nyumbani nimalizie dawa. Yule dada akamwambia, "Shemeji, chango gani linamaliza damu? Twende hospitali." Akapanda nyuma yangu kunishikilia.

Kule nesi akaniuliza, "Na bega linauma?" Nikashangaa kajuaje. Akasema mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, nao umepasuka. Damu ikijaa tumboni, maumivu hupanda mpaka begani. Nikabisha kwamba niliona damu. Akajibu, "Hiyo ndiyo inayowadanganya wengi."

Nikapasuliwa muda ule ule, mrija mmoja ukatolewa. Nililia sana. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, na niliijua ikiwa imeshaharibika. Daktari amesema naweza kuzaa tena, ila nikikosa siku zangu tu niwahi kupimwa.

Namshukuru dada yule, na walionitolea damu bila kunijua, na mama mkwe aliyeniogesha mpaka kidonda kikapona. Siku hizi binti akilalamika tumbo, mama mkwe humuuliza kwanza, "Siku zako uliziona lini?"

Siku zikichelewa na tumbo likauma upande mmoja, hata kama damu imetoka, mkapime kwanza. Chango litasubiri.

Kama yupo hapa aliyepasuliwa kama mimi na baadaye akapata mtoto, naomba aniandikie, hata mistari miwili, ampe mwenyekiti. Nasoma polepole, lakini nitaimaliza.