Maisha ya Mzee Silvano Nthiga Njuki, Mtengeneza Saa wa Nchiru (1950–2025)

Marehemu Mzee Silvano Nthiga Njuki alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950 huko Manyatta, Embu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njuki na marehemu Mama Wanjira. Tarehe aliipata kwenye cheti cha ubatizo. Saa ndiyo iliyomsumbua. Mama yake alimwambia alizaliwa ng'ombe wakikamuliwa, na jibu hilo lingewatosha watu wengi wa Manyatta, lakini yeye aliuliza ni ng'ombe gani, alikuwa akikamuliwa na nani, na kama yalikuwa maziwa ya asubuhi au ya jioni. Baada ya kuwahoji shangazi wawili na jirani mmoja, aliandika katika daftari lake: "Saa kumi na mbili na robo asubuhi, takriban." Hilo neno la mwisho lilimuuma mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya misheni karibu na kwao kuanzia 1958 hadi 1965, kisha akajifunza ufundi wa chuma kwa miaka miwili mjini Embu. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wa hesabu alisahau saa yake ya mkono mezani alipokwenda kula. Aliporudi aliikuta imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya karatasi kutoka kikubwa hadi kidogo, na Nthiga ameketi kando yake akingoja kuchapwa. Alichapwa. Halafu akaamriwa airudishe kama ilivyokuwa, akairudisha, ikaenda vizuri kuliko awali. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi, na kila mara sehemu ya kuchapwa ilimponyoka.

Mnamo Machi 1971 aliajiriwa kama fundi wa mashine katika shamba moja la ngano huko Timau. Rafiki yake wa kwanza pale alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, kijana wa Kimeru aliyeitwa Muthamia, mwenye sauti kubwa kuliko kombaini yenyewe. Muthamia alimwonea huruma Mwembu huyu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akampeleka kwao apate uji moto. Uji uliletwa na dada yake, Ntinyari. Nthiga alirudi kwa uji huo kila Jumapili kwa miaka minne, na hata Muthamia, ambaye hakuwa mwepesi wa kushuku, mwishowe alielewa. Ndiye aliyemsemea kwa baba yake.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Ibada ilipangwa saa nne. Bwana harusi alifika saa tatu kasoro dakika tano, ibada ikaanza saa saba, na kwenye daftari kuna orodha ya waliochelewa na kwa dakika ngapi. Bibi harusi anaongoza. Mungu aliwajalia watoto watatu: Njuki, Wanjira na Riungu.

Saa yake ya kwanza ya kujitengenezea aliijenga Timau mwaka wa 1978, kwa magurudumu ya cherehani kuukuu, mnyororo wa baiskeli, na jiwe lililofungwa kwenye gunia likining'inia badala ya uzani. Baridi ya Timau iligandisha grisi, saa ikawa inasimama kila alfajiri. Nthiga akaivisha sweta.

"Baba Njuki," mkewe alimwambia, "mimi natetemeka hapa, na sweta yangu imevaliwa na saa."

"Wewe huwezi kusimama," alijibu. Alikusudia kumsifu.

Mwaka wa 1989 familia ilihamia Nchiru, alikopata kazi ya kutengeneza vifaa vya maabara chuoni. Alistaafu mwaka wa 2005, akajenga vyumba nane vya kupangisha wanafunzi, na saa zikaongezeka kama kuku. Alizinunua kwenye mitumba ya Embu na Meru, akazipokea kutoka kwa wajane, akabadilishana na ndizi. Alizihifadhi katika trei za mayai, moja kwenye kila shimo: saa za mkono mia moja na kumi na nne, yaani trei tatu zilizojaa na ya nne yenye nafasi sita, ambazo zilimkera. Zile za kujitengenezea zilikuwa kumi na saba. Kanisani aliketi mbele na kuweka saa juu ya Biblia iliyofunguliwa. Wahubiri wawili, kwa nyakati tofauti, waliomba atafutiwe kiti cha nyuma. Hakuwahi kuwaambia lolote. Alikuwa akiandika tu.

Sasa tunafika kwenye saa ya kumi na moja kati ya zile kumi na saba, na hatuwezi kuiruka.

Nthiga aliona ni ajabu kwamba mshale ukiwa kwenye saba sisi tunasema ni saa moja. "Kila tukitaka kujua wakati lazima kwanza tufanye hesabu," alilalamika. "Tumefanya kosa gani?" Basi mwaka wa 1997 akatengeneza saa ya ukutani ambayo ikiwa ni saa moja, mshale uko kwenye moja. Ilikuwa saa ya kweli kabisa. Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kuisoma. Kila mgeni aliitazama, akafanya hesabu aliyozoea tangu utotoni, akapotea kwa saa sita. Mchungaji mmoja aliacha chai ya asubuhi nusu, akakimbilia maziko yaliyokuwa yafanyike mchana. Nthiga aliona kasoro hiyo ni ya wageni.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 1998, Muthamia alikuja kulala hapo nyumbani. Wakati huo alikuwa ameacha kombaini na kununua ng'ombe, na kesho yake, saa mbili asubuhi, wajumbe wa vyama vya maziwa walikuwa wanakutana Maua kumchagua mwenyekiti. Muthamia alikuwa na kura za kutosha. Alihitaji tu kuwa ndani ya ukumbi jina lake likisomwa, na alipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu. Mkewe Nthiga alikuwa amekwenda Manyatta kumuuguza mama mkwe. Baada ya chakula Nthiga alimwambia shemeji yake avue saa ya mkono aitie mafuta, na Muthamia alipokwenda kulala, saa yake ilikuwa mezani, vipande ishirini na tatu.

Alfajiri aliamka, akamulika tochi ukutani. Mshale ulikuwa kwenye kumi na moja. Akafanya hesabu yake, akapata saa tano ya usiku, akarudi kulala. Aliamka tena jua likiwa dirishani. Kule Maua jina lake lilisomwa mara tatu, hakuna aliyeitika, na mpinzani wake akachaguliwa kwa kupigiwa makofi.

Muthamia alisema saa ile ni ya kichaa na aliyeitengeneza pia. Nthiga alisema saa haikukosea. Ndivyo walivyoachana, na kwa miaka ishirini na sita na karibu miezi kumi na moja hawakusalimiana. Wakikutana mazikoni, mmoja aliketi hema hili, mwingine hema lile. Aliyeumia ni Ntinyari. Saa ile aliitoa ukutani akaipeleka kwenye banda la kuku, ambako haikumpotosha yeyote. Kisha kila baada ya miezi michache alipanda kwenda Timau peke yake, akimpelekea kaka yake salamu ambazo hakutumwa, na kumrudishia mumewe nyingine ambazo pia hakupewa. Wote wawili walijua. Hakuna aliyezikataa.

Mwezi wa Septemba 2024 Mzee alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimwambia moyo unaruka mapigo. Mzee akauliza ni mangapi kwa dakika, na daktari alikuwa ametumia saa ya aina gani. Alilazwa mara mbili, akarudi nyumbani kabla ya Krismasi, na ilipofika mwisho wa Januari alikuwa hawezi tena kutia saa zake ufunguo. Hapo ndipo alipomwambia mkewe ampigie Muthamia simu.

"Kuja," Ntinyari alimwambia kaka yake.

"Anataka nini?"

"Anataka kukuomba msamaha."

"Kumbe ni mgonjwa namna hiyo?"

Alifika Jumatatu tarehe 3 Februari, saa mbili asubuhi, na koti lake la Timau. Hakuketi.

"Muthamia," Mzee alisema, "ile saa haikukosea."

"Nimetoka kwangu na hiyo baridi yote kuja kuambiwa hivyo?"

"Ngoja nimalize, pumzi ni kidogo. Saa haikukosea. Mimi nilikuwa macho."

Ntinyari, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina.

"Nilikusikia ukiamka. Ulisema, 'Ah, bado saa tano,' kitanda kikalia."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka. Ndani ya blanketi. Nikasema nikuache dakika tano, halafu nije nikufundishe kuisoma. Nikashikwa na usingizi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilijua nikiomba msamaha watu watadhani saa ilikosea."

Muthamia alimtazama dada yake, ambaye naye alikuwa anasikia habari hii kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ya mtu mkweli. Kisha akatoka nje. Ntinyari alidhani ameenda zake. Kupitia dirishani alimwona amesimama kwenye uzio wa vyumba vya wanafunzi, mikono mfukoni, akitazama nguo za watu zilizoanikwa kana kwamba anazihesabu. Chai ilipoa. Mzee hakuangalia saa hata moja kati ya zote zilizokuwa chumbani humo. Jambo hilo mkewe hajalisahau.

Muthamia alirudi.

"Miaka hii yote nimechukia saa," alisema. "Kumbe nilipaswa kukuchukia wewe."

"Ni kweli."

"Ungeniambia siku ile ile, ningekupiga, na wiki ya pili tungechinja mbuzi."

"Najua."

"Sasa nikupige wapi? Umekonda hivi." Akavua koti. "Sogea huko, nikae."

Hakurudi Timau. Alimnyoa ndevu, alimwogesha, alibishana naye juu ya mavuno ya 1974, na alitia saa zote ufunguo kwa mkono mzito mpaka mbili zikavunjika. Mzee alisema si kitu. Wote waliokuwepo walijua basi kwamba amemaliza.

Alifariki akiwa nyumbani Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, mkewe upande mmoja na shemeji yake upande mwingine. Umri wake ulikuwa miaka sabini na minne.

Familia ilipokaa kuandika wasifu huu, Mama Ntinyari alipendekeza tuseme tu kwamba marehemu na Mzee Muthamia "walikuwa na tofauti ndogo." Mzee Muthamia alikataa.

"Ndogo ya nani? Andikeni yote, na mimi nikiwa nimeketi hapo mbele. Kuna watu hapa hawasalimiani na ndugu zao, na watakuja kula wali wetu. Nao wasikie."

Tumeandika yote.

Marehemu ameacha mjane, Mama Ntinyari, watoto, Njuki, Wanjira na Riungu, wajukuu saba, dada mmoja, Ciku, wa Manyatta, na Mzee Muthamia wa Timau, ambaye kwa miaka ishirini na sita na karibu miezi kumi na moja hakuwa shemeji yake, na kwa siku kumi na tisa alikuwa.

Mungu aliyempimia siku zake amlaze kwa amani, apumzike asiulize ni saa ngapi.