Marie Andiabo, Binti wa Msitu Uliofungwa

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, ni Mama Marie Andiabo, Mmbuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Kabila lake tunalitaja mwanzoni kwa sababu wengi wenu mmelitaja nyuma ya mgongo wake. Anayesoma ni binti yake, Clara.

Marehemu alizaliwa mwaka 1979, msimu wa asali, katika kambi ya wawindaji karibu na Mambasa. Tarehe mosi Januari iliyo kwenye karatasi zake aliandikiwa mpakani na mtu aliyekuwa na haraka. Baba yake, Mzee Dominiki, alitega nyavu. Wanawake waliwakurupusha paa kwa kelele mpaka wakanasa. Nyama iligawiwa kila kibanda, hata cha aliyeshinda amelala. Mawindo yakipungua, walihama, msitu ukapumua.

Shule aliijua kwa miaka mitatu tu, kwenye misheni. Mwalimu alimwambia, "Wewe kaa nyuma, unanuka moshi." Alikaa nyuma, kisha akaacha.

Mwaka 1996 sehemu yao ya msitu ilifungwa. Mzee Dominiki alikamatwa akiwa na paa mmoja, walinzi wa hifadhi wakampiga, hakupona. Ukoo mzima ulihamishiwa kando ya barabara, ukawa unalima mashamba ya watu. Walielezwa kwamba wanyama lazima walindwe. Marehemu aliuliza, "Na sisi?"

Tarehe 14 Agosti 2001 alifunga ndoa na Baba Léonard Muhindo, fundi cherehani. Ndugu za bwana harusi walikuja, wakaimba, wakaondoka bila kugusa chakula. Vita ilipozidi, wawili hao walikimbia, wakafika Durban, Afrika Kusini, mwaka 2006. Marehemu alifanya usafi katika nyumba za Morningside, baadaye akauza mboga Isipingo, karibu na stendi ya teksi. Walijaliwa watoto wawili, Clara na Tito.

Tulipokuwa wadogo alitujengea kibanda cha majani ya migomba nyuma ya nyumba, pale Sydenham. Mvua ilinyesha na hatukulowa. Siku ile alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye nyumba akaja: "Eish, mama, hapa si porini. Toa hii." Alikibomoa mwenyewe, polepole, wala hakutaka tumsaidie.

Kila sherehe ya Wakongo wenzetu alipika sombe, kisamvu cha kwetu. Kina mama walimwambia, "Merci, Mama Marie, weka tu pale, chakula iko mingi." Sufuria ilirudi nyumbani imejaa. Clara alipolia, mama yake alisema, "Acha. Hawana njaa, ndiyo maana."

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Aliomba arudishwe kwao. Kaka yake, Anatole, alimjibu kwa simu, "Dada, urudi wapi? Hata mimi kuingia msituni naomba ruhusa." Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei mwaka huu, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Tangu siku hiyo, waliokataa sombe yake wameimba sebuleni kwake na wamekula vizuri. Yeye angewapakulia. Binti yake hawezi.

Ameacha mume, watoto wawili, na Anatole ambaye bado yuko kando ya barabara. Tumeambiwa na manispaa kwamba hapa Durban, baada ya miaka kumi, kaburi hili linaweza kupewa mtu mwingine. Basi kwa miaka hiyo kumi apumzike, pasipo mtu wa kumwambia ahame.