Faustina Kalinga na Tenga la Mama Yake

Baba Paroko, wazee wa Ilomba, viongozi wa serikali, ndugu mliosafiri kutoka Iringa na majirani mlioacha majembe wakati huu wa kupanda, nawasalimu kila mtu kwa lugha yake, kamwene kwa wa upande wetu, mugonile kwa wa upande wa shemeji. Mimi ni Zabron Kalinga, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba ile, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu Faustina kabla hatujamsindikiza. Naomba mnivumilie, maana karatasi hii imeandikwa na kufutwa, na mahali pengine nitasoma polepole.

Faustina Liberatus Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu mzee Liberatus Kalinga na mama yetu Apolonia, ambaye mnamwona hapo mbele, kwenye mkeka, karibu na jeneza. Mama husema uchungu ulimshika akiwa shambani, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na baba alipofika na mkunga alikuta mtoto ameshalia, ameshanyonya na amelala, na tangu siku hiyo dada hakuwahi kuchelewa mahali popote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1984 katika Shule ya Msingi Ruaha Mbuyuni, akamaliza la saba mwaka 1990, akaendelea na sekondari Iringa mjini hadi kidato cha nne mwaka 1994, na hapa sina budi kusema ukweli kwamba waliomsomesha ni kuku wa mama, maana vitunguu vya shambani kwetu vina miaka yake mizuri na mibaya, lakini matetea wa mama hawakujua likizo. Alipokuwa kidato cha pili kideri kilipita kijijini, banda likabaki manyoya matupu, naye aliporudi likizo akamkuta mama anafagia uwanja, akaapa mbele yetu wadogo zake kwamba atasomea dawa ya kuku. Tulimcheka sana, sisi tulidhani watu husomea dawa ya watu. Mwaka 1996 alijiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, akahitimu stashahada mwaka 1998, na sisi tuliocheka tukaenda kumpigia makofi.

Tarehe 1 Julai 1999 aliajiriwa na serikali kuwa afisa mifugo katika Wilaya ya Mbarali, akapangiwa vijiji vya kuzunguka Rujewa, kule kwenye tambarare za Usangu, penye mpunga na ng'ombe, ambako kuku wa nyumbani hunywa maji ya mifereji ile ile wanamotua bata wa porini. Wenyeji walizoea bwana mifugo mwenye buti, anayekuja kutazama ng'ombe na kunywa maziwa, kwa hiyo walipomwona binti wa Kihehe anashuka kwenye baiskeli na kuuliza kuku wako wapi, walisema serikali imeishiwa watu. Lakini Faustina hakuwa mtu wa kununa. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kichupa chake cha chanjo ya kideri, akimshika kuku mmoja mmoja, akimdondoshea tone moja jichoni, akimwachia, na haikuchukua miaka mingi akina mama wale wale wakawa wanatuma watoto barabarani kumngoja, wakimwita Mama Matone, jina alilolipenda kuliko cheo chochote. Kila alipokuja likizo kwetu hakukaa chini kabla ya kuwatia matone kuku wa mama, na mama alikuwa akijisifu kisimani kwamba banda lake lina daktari.

Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa takatifu huko Iringa na shemeji yetu Anyitike Mwasomola, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mwenyeji wa hapa hapa Ilomba, Mbeya, ambaye siku ya posa wazee wetu walimuuliza kwa utani kama mahari ataleta kwa mikungu ya ndizi, naye akajibu kwamba ataleta na sukari ya kuilia, kwani amesikia Wahehe hawacheki bure. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lea aliyezaliwa mwaka 2003, Fred mwaka 2006 na Happy mwaka 2011, na kila mara alipojifungua, mama alipanda basi kutoka Ruaha Mbuyuni na tenga la matetea mapajani. Kwetu supu ya mzazi haipikwi kwa kuku wa sokoni, hupikwa kwa kuku aliyelelewa na mama, aliyeletwa kwa mkono wa mama, na mama yetu katika hilo hakuwahi kushindwa, wala kwa mvua wala kwa maradhi.

Sasa nafika mahali pazito, na familia imeamua pasomwe kama palivyokuwa.

Septemba 2024 kuku walianza kufa katika kijiji kimoja cha dada, wakifa wengi kwa mara moja, vichwa vimevimba na panga za vichwani zimegeuka rangi ya zambarau, na bata wa porini wakaokotwa wamekufa kwenye mfereji. Ikashukiwa kuwa ni mafua ya ndege, ugonjwa ambao unaweza kutoka kwa kuku ukamwingia binadamu, sampuli zikapelekwa maabara, na serikali haikungoja majibu, ikaweka karantini. Kuku wote waliobaki katika kijiji kile waliamriwa kuuawa na kufukiwa shimoni kwa chokaa, na kwenye barabara kuu pale Igawa pakawekwa kizuizi, kwamba hakuna kuku wala bata atakayepita eneo lile, awe ametoka wapi, awe anakwenda wapi. Dada alipita na kipaza sauti katika uwanja ule ule alikokuwa akipita na kichupa, na akina mama waliomwita Mama Matone walifunga milango yao, na mmoja, bibi Atuganile, alimkabidhi jogoo wake akamwambia, mchukue, macho yake unayajua. Dada alituambia kwamba siku hiyo hakula.

Siku hizo hizo Lea alijifungua mtoto wake wa kwanza hapa Ilomba. Dada alimpigia mama simu, akampa habari njema ya kitukuu, akamwambia kwamba safari hii asilete kuku kwa kuwa kuna ugonjwa, mama akasema sawa. Lakini mama alipokata simu alikaa akawaza mwenyewe, kwamba ugonjwa uko Usangu na yeye anatoka Iringa, na zaidi ya hapo, kuku hawa wametiwa matone na Faustina mwenyewe kwa mkono wake, sasa ni kuku gani nchi hii walio salama kuliko hawa? Hakujua kwamba tone lile ni la kideri tu, halizuii mafua ya ndege, wala hakuna aliyewahi kumweleza tofauti yake. Akachagua matetea watatu walionona, akawafunga tengani, akapanda basi la Mbeya.

Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, basi hilo liliposimamishwa Igawa, aliyepanda kulikagua alikuwa dada. Alikuwa ameanza na viti vya mbele, akateremsha jogoo wa kijana mmoja na bata wa mama mmoja wa Makambako, wote wakilalamika, alipoinua macho akamwona mama yake kwenye kiti cha nyuma, na tenga mapajani, anamchekea kwa furaha ya kumwona. Mwenzake wa zamu, ndugu Jailos, ambaye yupo hapa na ndiye aliyetusimulia, alimvuta pembeni akamwambia, dada, huyu si ni mama yako? Acha apite, nani atasema? Dada alimjibu kwamba basi zima limeshaona, na kwamba akimpitisha mama yake, kesho hatakuwa na mdomo wa kumwambia mtu yeyote, na kama ugonjwa ni ule unaohofiwa, basi anaupeleka mwenyewe kwenye chumba cha mjukuu wake mchanga. Akapiga magoti kwenye ujia wa basi, akamwamkia mama, akalipokea tenga kwa mikono miwili. Jailos alitaka kumsaidia kuwachinja, akakataa, akasema hawa wasiguswe na mtu baki, akawachinja mwenyewe kando ya barabara, mwanamke ambaye kwetu hakupaswa hata kushika kisu cha kuku, kisha akawatia shimoni na kuwamwagia chokaa, mama akitazama dirishani.

Mama aliteremka. Hakupiga kelele wala hakulia, alisema neno moja tu, kumbe nilizaa serikali, akavuka barabara, akasimamisha basi la kurudi Iringa, na kitukuu chake hakukiona.

Majibu ya maabara yalirudi mwezi uliofuata, ikaonekana haikuwa mafua ya ndege, kilikuwa kideri kikali, kilichoua kuku ambao hawakupata matone. Karantini ikaondolewa, shukrani ziende kwa Mungu, lakini vijijini watu walicheka kicheko kichungu, na kwa dada ilikuwa msiba juu ya msiba, maana kumbe matetea wale watatu walikuwa na kinga ya ugonjwa ule ule, kinga aliyowapa yeye. Naomba mtu asitoke hapa akisema dada yangu alikosea. Nyumba ikitoa moshi humwagiwa maji kwanza, kama ni jiko lililosahaulika utacheka baadaye. Lakini haki na maumivu hukaa nyumba moja, na hili nalisema kwa kuwa nililiona.

Mwezi Desemba 2024 alikwenda Ruaha Mbuyuni kuomba radhi. Mama alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Alimtolea kiti akakiweka barazani, akamletea maji ya kunawa kwa birika, akampakulia chakula kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, akamuuliza habari za kazi, akimwita Afisa. Binti wa nyumba hatolewi kiti, binti wa nyumba huingia jikoni akavuta kigoda, akafunua sufuria akaonja mboga kabla haijaiva. Dada alikula, akashukuru, akarudi Mbeya, akanipigia simu, na maneno yake yalikuwa haya, Zabron, mama amenipa kiti, kisha akalia mpaka simu ikakatika.

Mwezi Aprili 2025 alianza kusumbuliwa na tumbo na kukonda, akafikishwa hospitali hapa Mbeya, akagundulika kuwa na saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Kwa idhini ya mume wake natamka wazi, kwa sababu ya maneno yanayopita mitaani, kwamba dada hakufa kwa ugonjwa wa kuku, hakukuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo mliosimama ng'ambo ya barabara kwa hofu karibuni ndani, yeye asingewaogopa ninyi. Tulimpelekea mama habari, akasema atakuja akimaliza kuvuna vitunguu, vitunguu vikavunwa, akasema atakuja akimaliza kuuza, vikauzwa. Dada kila siku aliuliza basi la Iringa huingia saa ngapi, na alipoambiwa, alitaka mto wake uinuliwe apate kuuona mlango.

Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 mama alipanda basi bila kumwambia mtu. Alikuwa amefika Makambako nilipompigia simu kumwambia kwamba Faustina ametutoka saa nne asubuhi, naye akaniuliza mara mbili, Faustina yupi. Marehemu ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, wadogo watatu, na mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi mwisho, majirani wa Ilomba mliogeuza maturubai yenu na masufuria yenu kuwa yetu, wafanyakazi wenzake wa idara ya mifugo, ndugu Jailos kwa namna ya pekee, pamoja na akina mama wa Usangu waliokuja na lori la mpunga, na bibi Atuganile aliyekesha na wanawake chumbani akimwosha na kumvika.

Limebaki jambo moja. Karatasi ya kwanza niliyoandika ilisema kwamba dada na mama walipatana kabla ya kifo, kwa kuwa historia za marehemu husema hivyo, na sisi watoto tulitamani iwe hivyo. Jana jioni nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, Zabron, futa hapo, mimi sikupatana na mwanangu, usitusingizie, hasira ilikwisha zamani, ilibaki aibu tu, nikawa natafuta neno la kuanzia, kila nikilipata naliona dogo, nikasema nitaondoka kesho. Soma hivyo hivyo watu wasikie.

Nimesoma, mama.

Lala kwa amani, dada Faustina. Mama amefika.